Tafsiri ya Maalim Sharifu

"Amekiri," alisema Maalim Sharifu.

Koplo Muharami akashika kalamu. Inspekta Gertruda Mbunda hakushika kitu. Aliendelea kumtazama mwanamke aliyeketi ng'ambo ya meza, mikono juu ya mapaja, baibui limempwaya mabegani kana kwamba aliazimwa na mtu mnene. Watu wa Mapinga walimjua kwa jina la Zuhura, mke wa Mwarabu wa matofali, ingawa ni wachache waliowahi kumwona uso.

"Amekiri nini, Maalim?"

"Kwamba amemuua mumewe." Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Anasema siku ya kuamkia Idi, vibarua walipokwisha kuondoka, alimwomba mumewe amfungulie atwange viungo. Mume alipompa mgongo akampiga mchi wa kisogo. Akamburuta mpaka kwenye tangi, akamtumbukiza. Meno yake ya bandia yakamtoka, yakazama. Kisha akarudi chumbani, akapitisha mkono dirishani, akabana kufuli kwa nje, aonekane alikuwa amefungiwa."

"Yote hayo ameyasema sasa hivi?"

"Kiarabu ni lugha ya mkato, Inspekta."

Gertruda alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mwanamke yule alikuwa amesema kitu kisichozidi pumzi moja.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Nuri, mtu wa Iraki aliyekaribia miaka sitini, alikuwa na kiwanja cha kufyatulia matofali kando ya barabara ya Bagamoyo, pale Mapinga, ambako kila mwenye kiwanja alikuwa akijenga. Alilipa vibarua kwa wakati na hakuzoeana na mtu. Mkewe alikaa chumba cha nyuma. Vibarua waliporudi kazini baada ya Idi walisikia mtoto akilia nyuma ya mlango wenye kufuli. Walipouvunja walimkuta mama na binti wa miaka miwili, midomo imepasuka kwa kiu, ndoo ya kunawia miguu imelambwa mpaka chini. Wakamtafuta tajiri kumweleza. Walimpata walipofunua tangi la zege lililochimbiwa ardhini ili wateke maji ya kumwagilia matofali.

Kwanza alikamatwa Martini, msimamizi wa vibarua, kwa sababu aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba ipo siku atampasua Nuri kichwa. Akakaa mahabusu mpaka ilipothibitika kwamba sikukuu yote alikuwa msibani Kiwangwa, anachimba kaburi la shangazi yake mbele ya kijiji kizima. Baadaye yakaja maneno ya magaidi, na watu wenye suti kutoka Dar walikuja wakauliza maswali wakaondoka. Zuhura alibaki. Hakujua Kiswahili, wala hakukuwa na mtu Bagamoyo aliyekijua Kiarabu cha Iraki isipokuwa Maalim Sharifu wa Dunda, mwalimu mstaafu aliyesomea Baghdadi ujanani, ambaye polisi na mahakama walikuwa wakimwita kila walipopata mgeni asiyeeleweka.

Katika mahojiano ya kwanza aliulizwa jina. Akajibu neno moja, akalirudia. "Bese. Bese." Maalim akatafsiri: basi, hataki kusema zaidi. Muharami naye akaona hilo halihitaji hata mkalimani, kwa kuwa basi ni basi tu.

Sasa Gertruda aliweka viwiko mezani. Alikuwa Mmatengo aliyesomeshwa na masista, mpole wa sauti, na waliohojiwa naye mara nyingi walijuta kuuamini upole huo.

"Maalim, naomba umpe habari nyingine. Ni nzito." Alichagua maneno ambayo hayasemwi kwenye kiwanja cha matofali, maana mtu hawezi kukaa miaka kando ya vibarua asiokote neno. "Mfahamishe kwamba bintiye ameaga dunia alfajiri ya leo."

Muharami aligeuka ghafla kumtazama mkubwa wake. Maalim Sharifu alibaki na miwani mkononi.

"Binti? Inna lillahi... Lini tena?"

"Alfajiri. Mfahamishe."

Mzee alimgeukia mwanamke. Alisema kwa sauti ya chini, taratibu. Uso wa mwanamke, ambao tangu wiki iliyopita ulikuwa mkavu kama ukuta, ukalegea. Pembe za mdomo zikapanda kidogo. Alisema, "Alhamdulillah," kisha akaongeza neno, akafunika mdomo kwa mkono.

"Anamshukuru Mungu kwa kila hali," alisema Maalim. "Ni mstahimilivu sana."

"Kweli," alisema Gertruda, akasimama. "Tupumzike kidogo."

Kwenye ukumbi wa nje Muharami alimshika mkono, jambo ambalo koplo halifanyi kwa inspekta.

"Afande, mtoto si yule pale anakunywa uji?"

Mtoto alikuwa juu ya paja la Hope, askari wa kike, uji umemtapakaa mpaka masikioni.

"Ndiye."

"Na kama angemtafsiria?"

"Angelia, nami ningemletea mtoto wake, ningemwomba radhi." Gertruda aliinama, akamchukua yule mtoto. "Wewe ni Mwislamu, Muharami. Mtu akiambiwa amefiwa na mwanawe, neno la kwanza kumtoka ni lipi?"

Muharami alifikiri. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hata Maalim limemtoka hilohilo. Alhamdulillah ni ya neema. Baadaye mtu huweza kushukuru, lakini si la kwanza." Aligeukia mlango walikotoka. "Maalim alinifundisha mwenyewe hayo, chuoni."

"Haya. Nani mwingine anajua habari ya meno?"

Koplo alihesabu kwa vidole, akaishia cha pili. Tangi walilikausha wawili tu, yeye ameshika pampu na inspekta ameshika tochi. Meno ya bandia waliyaokota kwenye tope la chini, wakayatia kwenye mfuko, na mfuko ukafungiwa kabatini. Kwa daktari walipeleka maiti tu, kinywa kikiwa kitupu.

"Zuhura anaweza kujua, kama ndiye muuaji," alisema Muharami.

"Anaweza, kama ameyasema yeye. Lakini mlango wa chumba chake unatazama ujia, na dirisha linatazama kiwanja. Kuta mbili tofauti. Hata angekuwa na mkono mrefu kama shingo ya twiga asingelifikia kufuli. Na daktari amesema kilichompasua Nuri ni kitu bapa chenye ukingo, chepe au mfano wake. Mchi ni wa mviringo. Mtu anayekiri kwa hiari yake angekosea mambo hayo yote, halafu apatie meno?"

"Kwa hiyo meno..."

"Ni ya mkalimani."

Aliingia na mtoto, akampakatisha mama yake. Mwanamke alimpokea jinsi mama anavyompokea mtoto aliyemwacha dakika chache zilizopita. Alilowesha kidole kwa ulimi, akamfuta uji masikioni. Hakupiga kelele, hakushangaa.

Gertruda alimtazama Maalim Sharifu mpaka mzee akaangusha macho.

"Ulimwambia nini?"

"Inspekta, nilimwonea huruma. Habari kama ile..."

"Na yeye alishukuru nini?"

Mzee alivaa miwani, akaivua tena.

"Maalim, kuna kinasa sauti mezani. Kilikuwepo wiki iliyopita na kipo leo. Chuo Kikuu Dar wapo watu watakaokaa na sauti hizi neno kwa neno. Sitakutisha. Nitakuomba ufanye kazi uliyoitiwa. Tafsiri upya. Akisema mimi, sema mimi. Akisema yeye, sema yeye. Ukipunguza neno, litajulikana. Ukiongeza, litajulikana."

"Nina presha, mwanangu."

"Hope ataleta maji. Muulize jina."

Sauti ya mzee ilipotoka ilikuwa nyembamba. Mwanamke alijibu kwa subira ya mtu anayejibu swali lilelile mara ya kumi.

"Bese," alitafsiri Maalim. "Ni jina. Jina langu ni Bese. Zuhura ni jina alilonipa Nuri. Tulizaliwa mabinti saba. Mama alipoona wa saba naye ni msichana aliniita Bese, kwa lugha yetu maana yake yatosha."

Muharami alikata mstari kwenye karatasi yake, akaandika upya.

"Lugha gani?"

"Kikurdi. Sisi ni Wayazidi, kijiji chetu kiko chini ya mlima Sinjari. Nilikuwa nakisema. Nuri alikuwa akinipiga nikikisema. Sasa nimebaki na maneno ya mtoto. Maji. Mkate. Mama. Njoo."

"Alikupataje?"

Bese alimpakata mtoto vizuri. Alisema bila kupanda wala kushuka, na Maalim alimfuata nyuma, jasho likimtoka.

"Nilikuwa na miaka kumi. Askari wa Kikurdi waliokuwa wakitulinda walituambia tulale, hawatatuacha. Kulipokucha hawakuwepo, na silaha walikuwa wameondoka nazo. Wakaja watu wa bendera nyeusi. Wanaume waliwapeleka nyuma ya shule. Tulisikia milio, halafu wakarudi peke yao wakiwa wamevaa saa za baba zetu. Ndege za Wamarekani zilikuja kuwadondoshea maji waliokimbilia mlimani. Sisi tulishapakiwa kwenye malori. Tuliziona kupitia turubai."

"Endelea."

"Nuri alinichukua Mosul. Dada yangu alichukuliwa na mtu wa nyumba ya jirani, usiku tulikuwa tukigongeana ukuta. Majeshi yalipokuja kutukomboa yalitanguliza mabomu. Nyumba ya jirani ikamwangukia dada yangu. Nuri alinitoa nje nikaone mguu wake. Akaniambia, hao ndio waokozi wako."

Mtoto alianza kuvuta ushungi wa mama. Bese alimwachia auvute.

"Uliza kuhusu meno," alisema Gertruda.

Maalim alimtazama kama anayeomba. Kisha akauliza.

"Meno ya Nuri yaling'olewa kwenye kambi ya wafungwa ya Wamarekani, zamani, kabla mimi sijazaliwa au nilikuwa tumboni. Alikuwa mwanajeshi, walipoiteka nchi wakalivunja jeshi, wakamfunga. Kila alipotaka kunipiga aliyatoa kwanza yale ya bandia, akayaweka kwenye bilauri mbele yangu. Alisema, tazama walivyonifanya, halafu utulie."

Feni ilizunguka. Hope, aliyeleta maji, alisahau kuyaweka mezani.

"Sasa muulize kama alipata kumweleza mtu yeyote hapa nchini."

"Inspekta..."

"Muulize."

Maalim aliuliza. Bese aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama mzee. Alijibu akiwa bado anamtazama.

"Anasema alimweleza mtu mmoja."

"Akisema mimi, sema mimi."

Mzee alianza upya. "Nilimweleza mtu mmoja. Nilimweleza... huyu mzee. Alikuwa akija kula kwetu siku za Ijumaa. Nilipoleta kahawa, Nuri ametoka kujibu simu, nilimwambia, mimi si mkewe, nimeibiwa, waambie watu. Huyu mzee akasema, sawa binti yangu. Alipoondoka, Nuri alinibandika viganja kwenye sufuria ya kahawa."

Bese aligeuza mikono yake juu ya meza. Viganja vilikuwa laini na vya kung'aa, havina mistari.

"Siku ya kuamkia Idi nani alikuja?"

"Huyu mzee."

"Uliona nini?"

"Dirisha langu linatazama tangi. Walikuwa wakibishana kwa Kiarabu. Nuri alikuwa akicheka. Aliinama kutazama maji yamefika wapi. Huyu mzee akaokota chepe, akampiga. Nuri alikaa chini kama mtu aliyechoka. Akampiga tena, meno yakaruka yakaingia tangini, kisha akamsukuma, akaburura mfuniko. Nilimwita. Nilisema, ami, ami, nifungulie. Akaja mpaka dirishani."

Maalim alikatika. Alinywa maji, yakamwagika kwenye kanzu.

"Neno kwa neno, Maalim."

"Akaja mpaka dirishani. Nikamwinulia mtoto amwone. Huyu mzee alinitazama, akamtazama mtoto. Akasema, Mungu atakuleteeni mtu. Akaenda zake. Nilitegemea atarudi baada ya swala. Nikategemea atarudi baada ya sikukuu. Mtoto nilimpa maji ya ndoo. Mimi nililamba ukuta alfajiri, ukiwa na umande."

"Na leo, nilipotaka akupe habari ya msiba, huyu mzee alikuambia nini?"

Bese aliposikia swali alishangaa, akajibu kwa urahisi kabisa, hata akatabasamu tena.

"Aliniambia mmeshapata ndege. Aliniambia tangu mwanzo kwamba nikijibu ndiyo kwa kila kitu, mtanirudisha Sinjari mimi na mtoto. Nimejibu ndiyo kwa kila kitu." Maalim alifumba macho. "Anauliza safari ni lini."

Hope alimchukua mtoto, akamshika Bese mkono, wakatoka.

Muharami ndiye aliyemfunga Maalim pingu. Alianza kusema, "Maalim, uko chini ya ulinzi," akakwama, akamaliza kwa kutazama dirishani. Mzee mwenyewe alimnyooshea mikono, kama alivyokuwa akiwanyooshea wanafunzi wambusu.

Gertruda alimsomea onyo na haki zake, akamuuliza kama anataka kusema chochote. Alitaka.

"Nuri alikuwa na mjukuu wangu kichwani," alisema. "Anaitwa Mina. Yuko darasa la saba. Nuri alimwona nyumbani kwangu akinimiminia maji ya kunawa, na siku ile kwenye tangi akaniambia, akimaliza mtihani nitamwoa, wewe ni ndugu yangu huwezi kuninyima. Nilimwambia ni mtoto. Akacheka. Akasema, wote ni watoto mwanzoni."

"Bese naye alikuwa na miaka kumi."

"Najua."

"Ulijua tangu ile kahawa."

"Nilijua tangu waliposhuka kwenye gari." Maalim alikaa wima, na sauti ya ualimu ikamrudia. "Inspekta, wewe hukuishi kule. Tulilala bweni moja mimi na Nuri. Baridi ilipokuja alinivalisha koti lake. Serikali yao ilinisomesha bure, mimi mtoto wa muuza samaki. Wakurdi walipopigwa kwa gesi, habari tulizisikia bwenini. Mabalozi walisikia. Wakubwa wa dunia walioiuzia serikali ile hizo dawa walisikia pia, wakaendelea na karamu. Miaka mitatu baadaye wakubwa hao hao wakawaambia Wakurdi waasi. Wakaasi, na walipoasi wakaachiwa helikopta zikawamaliza barabarani. Halafu wakaja wenyewe, wakamgeuza Nuri kuwa kile alichokuwa, wakaenda zao. Dunia yote yenye vifaru na ndege ilinyamaza. Mimi mwalimu wa Dunda ndiye nilitakiwa nipige kelele?"

"Ulitakiwa uje kituoni," alisema Gertruda. "Kutoka kwako ni mwendo wa bodaboda."

"Angenitaja. Angesema mimi ndiye niliyemdhamini aingie nchini. Na ni kweli, nilimdhamini."

"Na mtoto dirishani? Nuri alikwisha kufa. Ungefungua kufuli, ukaenda zako."

Maalim Sharifu aliangalia pingu zake.

"Aliniona," alisema.

Alipotolewa kupelekwa mahabusu alipita mbele ya benchi la ukumbini. Bese alikuwa amekaa hapo na mtoto. Alimsalimia kwa Kiarabu, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mzee aliyemtengenezea safari.

Picha ya Bese ilitumwa kwa shirika moja linalowatafuta waliopotea Sinjari. Gertruda alitarajia miezi. Jibu lilikuja kabla wiki haijaisha: baba yake mdogo alikuwa hai, yuko kambini kaskazini mwa Iraki, angepiga simu Ijumaa mchana. Mkalimani kutoka Dar akaahidi kufika, kisha akapeleka ujumbe kwamba gari limemharibikia Bunju. Simu ilikuwa inaita. Gertruda akaamuru mzee atolewe mahabusu.

Maalim aliingia na pingu, ndevu zimemwota ovyo. Bese alimsogezea kiti. Alikuwa ameshaelezwa, kwa ishara na kwa Kiarabu cha msikitini cha Muharami, kwamba mzee yule alitaka kumtwika yeye mauaji na kwamba hakuna ndege. Haikujulikana ameelewa kiasi gani.

Sauti ya mwanamume ilijaa chumbani. Ilianza kwa Kikurdi. Bese alikunja uso, akasogeza sikio, akatikisa kichwa. Sauti ikahamia Kiarabu, ikapasuka kilio.

"Anamwita jina," alisema Maalim. "Anasema, kovu la kwenye nyusi ulilipata ulipoanguka kwenye tanuri la mkate, ni mimi niliyekubeba. Anasema mama yako tulimpata miaka miwili iliyopita, alikuwa kwenye shimo walimozikwa wazee waliouawa, pale kwenye mabwawa ya samaki, tumemzika upya. Dada zako wawili wamerudi. Mmoja yuko Ujerumani. Anasema tumekuwekea godoro. Njoo nyumbani."

Bese alikuwa akilia bila sauti, mkono umeshika ukingo wa meza. Alisema jambo.

"Anasema, nitakuja. Anasema, tutakuja."

Simu ilinyamaza. Kwa mbali zilisikika sauti za watu wengine na mlango wa bati ukigongwa na upepo.

"Anauliza, mtakuja nani?"

Bese alijibu, akamwinua mtoto mbele ya simu kana kwamba ilikuwa na macho. "Anasema, mimi na binti yangu. Anaitwa Asma. Ana meno kumi na sita."

Ukimya huu wa pili ulikuwa mrefu zaidi. Baba mdogo aliporudi alikuwa ameacha kulia, na alisema kwa uangalifu wa mtu anayezungukwa na wanaomsikiliza.

Maalim alichelewa.

"Tafsiri," alisema Gertruda.

"Anasema, binti yangu, unajua sheria yetu. Wazee walikaa, wakakubali ninyi mrudi, na hilo peke yake halikuwa jepesi. Watoto wa wale watu hawawezi. Mtoto wa Yazidi ni wa baba na mama Yazidi. Na sheria ya Iraki itamwandika Mwislamu kwa baba yake. Anasema wengine waliwaacha watoto kwenye nyumba za yatima, wakaja, wakaolewa, wakasahau. Anasema, mwache huko huko. Anasema nchi hiyo ina watu wema."

Bese alisikiliza mpaka mwisho. Alijifuta uso kwa ushungi, pande zote mbili. Kisha akaisogelea simu, akasema maneno machache kwa sauti tulivu, akaisukuma mpaka upande wa Gertruda.

Kule kambini mtu alikuwa anapaza sauti, anaita. Laini ikakatika.

"Amemwambia nini?"

Maalim Sharifu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Amemwambia amekosea namba."

Simu iliita tena, namba ile ile. Ilitetemeka mezani, ikajisogeza yenyewe kidogo kidogo. Bese hakuigusa. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga aliyopewa na Hope, akikosea fundo, akirudia. Gertruda alitazama mpaka ilipoacha kuita.

Ofisa wa uhamiaji alikuwa amesubiri ukumbini tangu saa za swala, kijana nadhifu mwenye haraka ya kurudi Dar kabla ya foleni. Muharami alimkaribisha kwa kumfungulia mlango, hakumwambia karibu.

"Afande, nami nina maagizo," alisema yule ofisa. "Aliingia na pasi ya kughushi, ameishi bila kibali. Kesi ya mauaji imepata mwenyewe, kwa hiyo huyu ni wetu. Atakaa kizuizini mpaka arudishwe kwao."

"Ni shahidi wangu," alisema Gertruda. "Bila yeye sina kesi."

"Utamwita tarehe ikifika. Kama atakuwa bado yupo." Alitoa kalamu. "Ni wa wapi? Iraki wamejibu kwamba hawana jina hilo wala la mtoto. Nimwandike wa wapi?"

Gertruda alimwangalia Maalim. "Muulize."

Mzee alifungua mdomo. Lakini Bese alikuwa ameshaelewa, pengine kwa kalamu, pengine kwa jinsi wote walivyomgeukia. Alikaza fundo la kanga.

"Mapinga," alisema.

"Mapinga si nchi, dada," alisema ofisa, akamwonyesha gari lilipo.